Hesabu ya Kutoa

Usiku wa tatu, Tartu, wodi ya ubongo.
Nje theluji imefukia hata nyayo nilizojia.
Kaljo amelala na waya kichwani,
mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo,
umepenya fuvu, unasema namba.

Miaka thelathini na moja nilikesha na namba
katika kituo cha pampu za maji, kando ya mto.
Basi msinieleze polepole kama mtoto.
Nipeni mbili tu: msukumo wa damu inayoingia,
na msukumo wa ndani unaoikataa.
Toa. Kinachobaki ndicho unachokunywa ubongo.

Mia na kumi na nane, toa ishirini na mbili.
Daktari Raivo akasema presha iko juu mno,
mshipa uliopasuka utavuja tena.
Akafungua dripu.
Dawa ikafanya ilichotumwa: ikalegeza mishipa,
yote, na ya humo ndani pia.

Lakini nyumba ile ni ya mfupa. Haina dirisha,
haina ua wa kusogezea viti wageni wakizidi.
Damu ilipojitandaza, pakawa padogo.
Themanini na nne, toa thelathini na moja.
Nilifika hamsini na tatu kabla mashine haijalia.

Hamsini na tatu.
Kwa namba kama hiyo ghorofa ya tano hupiga simu kituoni,
mama mwenye sabuni kichwani anatukana,
nami humjibu: subiri kidogo, maji yanakuja.

Nani angepiga simu kutoka mle?
Sehemu inayokumbuka jina la mbwa wetu wa kwanza?
Ile inayojua nachukia tangawizi
na kuninywesha hata hivyo, kila nikikohoa?

"Funga hiyo," nikasema. Si kazi yangu kusema.
Nesi Õie alikuwa ameshafunga.
Wakaleta nyingine, ya kushusha kidogo kidogo,
wakainua kichwa cha kitanda,
wakamnyoosha shingo kama bwana anayepimwa kola.

Alfajiri: tisini na mbili, toa ishirini na nne.
Sitini na nane.
Si kupona. Nimeambiwa, nimesikia.
Ni maji tu, yamefika ghorofa ya tano,
na huko juu mtu, pengine,
anamalizia kuosha nywele.