Hatua za Baba

Bili ya maji imekuja elfu kumi na moja
na sisi nyumbani tu watatu, na paka.
Nikafunga mifereji yote, hata ule wa kutawadhia,
nikachutama mbele ya mita
nikaona kijisindano chekundu chazunguka polepole,
kama mtu atafunaye kwa siri, mdomo kaufumba.

Fundi Mbwarali akaja na nondo.
Alfajiri, kabla Guraya haijaamka na honi zake,
akaisimamisha ardhini, akatega sikio kwenye ncha.
"Yapiga mluzi," akasema, "ila sijui yako wapi.
Chini hapa ni tumbawe. Tumbawe hupokea sauti
likaizungusha, kama mtaa na uvumi."

Akatia buluu ya nguo katika karo la jikoni.
Tukangoja.
Ikatokea kwa jirani, kwa Bi Rehani,
katika mtaro anaoufagia kila siku,
naye akaniita kwa jina langu lote, la shule na la ukoo.
Basi maji machafu tulijua yapita wapi.
Maji safi ndiyo yaliyokataa kusema.

"Mabomba haya aliyalaza nani?"
Baba. Mwaka ule wa Elnino, kwa mikono yake.
Hakuchora popote. Alituachia maneno tu,
akiyasema akinawa, akiyasema akivaa kofia:

Toka nne mlangoni,
saba hadi mdimuni,
tatu shika ukutani,
bomba liko chini hapo.

Mdimu tuliukata harusi ya Saumu, ili hema litoshe;
kisiki kimemezwa na saruji.
Nikapima kwa hatua zangu. Fundi akachimba.
Tukapata kijiko, ndara ya mtoto,
na kipande cha bomba la chuma kilichokufa zamani,
kikavu, kimeshiba mchanga.
Akapima Fundi kwa hatua zake, ndefu.
Akachimba. Mwamba.
Kufikia adhuhuri ua wetu ulikuwa bao lisilo kete.

Baada ya laasiri akaja kaka yangu Famau,
bado ana vumbi la kiwandani Changamwe.
Akatazama mashimo, akacheka,
kisha akaacha kucheka.
"Dada," asema, "mmeusahau mguu."

Baba alianguka jukwaani, akijenga ghorofa la watu,
sisi hatujazaliwa. Mguu wa kushoto ukapona mfupi.
Hatua yake moja ilikwenda mbali,
ya pili ikija nyuma kuomba radhi.
Udogoni Famau alikuwa akimwigiza hapa hapa uani,
nasi tukicheka mpaka mbavu zauma,
mpaka siku Baba alipotoka chooni akamkuta.
Hakumpiga.
Aliketi juu ya ndoo, akainama,
akawa afunga kamba za kiatu kisicho na kamba.

Famau hakumwigiza tena. Miaka thelathini.

Sasa akavua viatu, akaupa mlango mgongo.
Akaangusha nyonga, bega likapanda lenyewe.
Ndefu. Fupi.
Ndefu. Fupi.
Dirishani Mama akaacha kupepeta mchele.
Saba, akakanyaga pale ambapo zamani palinuka ndimu,
akageukia ukutani: ndefu, fupi, ndefu.
"Hapa."

Sululu ya kwanza, vumbi. Ya pili, vumbi.
Ya tatu ikatoa udongo mweusi, umeloa.
Kisha maji yakaruka hadi kifuani mwa Fundi
naye akapiga kelele kama aliyefunga goli.
Nikakimbilia koki ya barabarani.

"Ngoja," akasema Mama.
Ameshatoka nje, ungo ungali mkononi.
"Famau. Rudia. Tangu mlangoni."
"Mama, bomba limeshapatikana."
"Nasema rudia."

Na maji yakizidi kumwagika, kwa bili yangu,
yakijaza shimo moja hadi jingine,
Famau akarudi mlangoni.