Kisanduku cha Saba

Kazi yangu ni kununua kwa pesa zisizo zangu:
kalamu, chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa barafu,
karatasi za shule nne na ofisi mbili,
na mwaka huu, mbao za daraja la baiskeli,
mita arobaini na moja za mti mgumu
juu ya mfereji wenye maji rangi ya chai ya juzi.

Bahasha tatu zimefika kabla ya saa sita.
Ya kwanza ghali.
Ya pili ghali zaidi, na hesabu imekosewa.
Ya tatu rahisi, rahisi hata naisoma mara mbili
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi
na hajaamua bado kama atasema.

Kisanduku cha saba kwenye fomu kinauliza:
Mti umetoka wapi?
Wameandika: Afrika.

Nikanywa kahawa. Nikarudi. Bado Afrika.
Si msitu, si mto, si kijiji,
si jina la aliyeshika msumeno
wala la aliyeulizwa kwanza kama ukatwe.
Nikituma barua, juu ya bahasha nimeandika "Ulaya" tu,
tarishi ataipeleka mlango wa nani?

Cheti kimeambatishwa, kina muhuri wa kijani.
Nikapiga simu, nikaisoma namba iliyo chini ya muhuri.
Mwanamke wa Hamburg, sauti ya mafua, akatafuta:
namba hiyo ilikuwa ya kiwanda cha vibao vya mkate,
kilichofungwa miaka sita iliyopita.
"Vibao vya mkate?"
"Ndiyo, bibi. Vya kukatia."

Sjoerd, mkuu wangu, si mtu mbaya.
Ana daraja lililozungushiwa uzio,
ana Fokke mwokaji, anayezunguka kilomita mbili na mikate yake
na kumpigia simu kila alfajiri kabla haijapoa.
"Tjitske," anasema, "karatasi ipo, muhuri upo.
Sisi ni mji wa watu elfu kumi na tatu.
Msitu hautujui."

Sikumjibu. Nilikuwa namkumbuka baba,
fundi wa malango ya maji, viganja kama magome,
akiugonga mti wa azobe kwa nyundo na kuusikiliza:
"Huu utatuzika sote."
Naye umemzika.
Miaka thelathini aliutoboa, ukamvunjia keekee ngapi,
hakuuliza ulikosimama. Nami sikumuuliza baba.
Tulikula mkate wa swali hilo, tukashiba.

Alhamisi nikavaa buti za mpira
nikashuka chini ya daraja na bisibisi yake,
nikachoma ubao mmoja mmoja kwa ncha:
huu umeoza. Huu umeoza. Huu mzima.
Huu, ukigeuzwa tumbo juu, mzima.
Mvua ikiniingia shingoni nikafika sitini na nane
kati ya mia na kumi.
Hakuna aliyekuwa amehesabu.
Tulikuwa tumeandika zabuni kabla ya kutazama.

Zilizobaki nimeagiza kwa yule wa kwanza, mwaloni,
ambaye kisanduku chake cha saba kilifurika hadi pembeni:
kilima, kitalu, mwaka wa kupandwa,
hata jina la mjane anayelimiliki shamba.
Karatasi za shule nazo ni zile zilizosagwa upya,
kijivu kidogo, kama maziwa yaliyoingia jivu.
Mwalimu Hiske alilalamika kwamba si nyeupe.
Watoto hawakusema kitu. Walichora farasi.

Kampuni ya tatu imeleta fomu tena.
Kisanduku cha saba kimesahihishwa:
Afrika ya Kati.

Mwezi wa nne Fokke alivuka wa kwanza,
akasimamisha baiskeli katikati, akatazama chini:
ubao mweusi, ubao mweupe, weusi watatu, mweupe.
"Mmelitia viraka," akasema, "kama suruali."
Nikamwambia ile myeusi ni ya baba, asili yake siijui.
Hii myeupe, akitaka, nitamwonyesha kisiki.
Akasema mikate inapoa.