Daftari la Vipimo

Huku Kadutu nyumba zimekaliana mabegani,
paa la jirani ni kizingiti changu,
na ziwa tunaliona kipande tu, upana wa kiganja,
kati ya bati la Mama Ntakwinja na antena iliyopinda.
Cherehani yangu ni ya miguu, haiombi umeme.
Taa zikizimika watu husikia kanyagio gizani,
husema: Nsimire bado anashona.

Nina daftari la mirabamiraba, jalada la bluu,
lililoliwa na panya pembeni.
Kiuno, kifua, mkono, bega hadi bega.
Mtaa mzima umo humo kwa namba:
shemasi na kitambi anachokikana,
bibi harusi wa Agosti, aliyerudi Septemba kupanua,
marehemu wawili ambao sijawafuta.

Cirimwami yumo. Jina tu.
Mbele ya jina, mistari mitupu.

Miaka kumi na tisa ananijia kila Januari,
mwalimu wa jiografia, suruali mbili za kijivu.
Nyuma ya sikio ana harufu ya chaki
na ya sabuni ya mche aliyoinunua mke wake.
Futi inapita kifuani, inakutana mgongoni,
na mikono yangu lazima iifuate futi, ndiyo kazi.
Sekunde nne. Labda tano.
Yeye anaangalia kalenda ukutani.
Mimi naangalia kifungo.
Hatujawahi kusemezana neno
ambalo padri asingeweza kulisoma mimbarini.
Lakini wiki nzima baadaye najichoma sindano,
natia sombe chumvi mara mbili,
nawagombeza watoto, kisha nawanunulia mandazi,
nacheka peke yangu nikipanda ngazi za udongo mvuani.
Namba zake sikuziandika:
mtu haandiki njia ya kwenda kwao.

Wanaosema hamu ni moto hawajashona.
Hamu ni pindo. Kitambaa unachokikunja ndani,
hakuna anayekiona,
na ndicho kinacholifanya gauni lianguke vizuri.

Mume wangu ni Bisimwa.
Saa kumi za usiku anashuka bondeni kutafuta maji,
anapanda na bidoni begani, lita ishirini,
pumzi kama mivukuto ya mhunzi,
anaitua polepole isije ikagonga sakafu nikaamka.
Mimi huwa macho. Sijawahi kumwambia.

Juzi alitafuta kalamu, akafungua daftari.
Alisoma muda mrefu, yeye asiyependa kusoma.
"Huyu mbona hana namba?"
Mvua ilikuwa inapiga bati; ningeweza kujifanya sikusikia.
Nikasema: "Nazijua."
Akalifunga. Akalipangusa jalada kwa kiganja
kama anavyompangusa uso mtoto mwenye homa.
Akalala ameelekea ukuta.

Alfajiri nilisikia bidoni ikitoka,
nikahesabu hatua zake kwenye ngazi, hesabu ikanichanganya,
nikaanza upya. Nikaogopa, mara ya kwanza,
kwamba maji yanaweza yasirudi.

Yalirudi.
Akatua, akasimama katikati ya chumba, shati limelowa,
akainua mikono kama mtu anayekamatwa.
"Na mimi nipime."

Miaka ishirini na miwili namshonea
kwa kulinganisha na suruali kuukuu.
Nikachukua futi. Kifua. Kiuno. Bega hadi bega,
hapo nikakwama.
Bega la kushoto limeshuka vidole viwili.
Mashati yake yote nimeyakata sawasawa
kwa mtu asiye sawasawa,
naye ameyavaa Jumapili baada ya Jumapili,
kola ikimnyonga upande mmoja, hakusema kitu.

Niliandika. Kalamu ilitoboa karatasi.

Januari Cirimwami atakuja,
na vidole hivi, navijua, vitatetemeka.
Siapi uongo.
Ila nina shati la kukata leo,
bega moja juu, moja chini,
na bado sijui kola niiweke wapi.