Daftari la Vipimo

Kurasa zake zimelainika kwa jasho la kidole gumba.
Kifua, kiuno, urefu wa mkono:
hesabu yangu inaishia hapo,
lakini wasichana wa Chavakali nimewajua
kabla hawajajijua wenyewe.

Januari barazani pangu hapapitiki.
Wanakuja na kitambaa cha kijani kwapani,
nami, pini mdomoni, nawaambia, "Simama wima,"
maana hujikunja,
kama walioambiwa kifua ni kosa.

Fungua nyuma. Huyu Minayo: darasa la tano, la sita, la saba.
Kisha karatasi tupu.
Huyu Vugutsa: sketi, sketi, halafu gauni la mimba
ambalo deni lake silidai.
Kaka zao wamo humu hadi suruali ndefu.

Nami simo. Nilitolewa shule wiki ile
kaka yangu aliponunuliwa sanduku la chuma.
Cherehani hii nilipewa kama pole.

Sasa Kageha.
Kifua ishirini na nane, kiuno ishirini na tano,
Januari, kalamu ya bluu.
Agosti akaletwa tena na baba yake mdogo,
lesi nyeupe mita sita imefungwa ndani ya gazeti.
"Mpime. Inatakiwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Sikuhitaji kumpima. Nilimpima
ili nimguse bega,
ili niulize chini ya pumzi, utepe ukizunguka,
"Wewe, unataka?"
Akaitazama cherehani.
"Mtihani uliopita nilikuwa wa tatu," akasema.
Hilo ndilo jibu alilonipa.

Nikaandika. Ishirini na nane. Ishirini na tano.
Mwili ni uleule wa Januari,
kilichobadilika ni kitambaa.

Arbuni nikapokea.
Wiki ya kwanza, mkanda wa cherehani ulikatika.
Wiki ya pili, uzi mweupe ulikuwa umeadimika hadi Kisumu.
Ya tatu nikasingizia macho,
mimi ninayetunga uzi gizani stima ikipotea!
Uongo nao una mshono, ukiuvuta sana hufumuka,
nami niliusikia ukilia tata, tata.

Usiku nikabeba daftari hadi kwa Mwalimu Asava.
Akasoma mistari miwili, wa Januari na wa Agosti.
Hakusema neno. Akatafuta viatu vyake.

Naibu wa chifu alitaka kwanza chai imiminwe.
Kisha akasema mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani.
Mwalimu akaweka kidole juu ya ile ishirini na nane.
"Mzee, shati la mwanao wa darasa la tano
ni kifua kipi?"
Chai ikapoa. Ikaota ngozi.

Sitakudanganya kwamba kuliimbwa.
Baba mdogo alikuja kuchukua arbuni yake,
akaihesabu mara mbili, akadai na lesi,
nikampa kama ilivyokuja, haijaonja mkasi.
Usiku ule bati langu lilipigwa mawe,
mpaka leo mvua ikinyesha nakinga sufuria.
Mamake Kageha hakuwahi kunishukuru.
Asubuhi moja nilikuta nyanya saba mlangoni,
zimepanguswa umande.

Minayo bado ni karatasi tupu.
Nikilifungua daftari upande ule
huwa nageuza haraka.

Lakini Januari ilirudi, na vumbi lake na foleni yake,
na Kageha akaingia na kitambaa cha kijani.
Kifua ishirini na tisa na nusu.
Nilipotaka kusema "simama wima"
pini zikanizuia,
na kumbe hapakuwa na haja.

Wengine huwaachia pindo la inchi mbili.
Yeye nimemwachia nne,
nikazishona kwa mkono, mshono wa kufumuliwa polepole,
mwaka huu, na mwaka ujao,
na ule wa baada yake.