Boriti Ishirini na Nne

Juu ya kitanda changu zimelala boriti ishirini na nne.
Nazihesabu usiku, bamvua linapojaa,
kwa vidole, kama mtu anayevuta tasbihi,
ila mdomoni hamna dua, mna miti:
mkandaa, mkandaa, msinzi, mkoko,
na huu uliopinda, Mafunda akasema
utatosha jikoni, haukufika jikoni.

Nilikuwa na shoka la mpini wa mkomafi
na mikono isiyoijua Ijumaa.
Niliuza kwa korija. Wete walinijua:
boriti za Shaame hazipindi.
Nikasomesha watoto, nikaezeka bati.
Sikuiba. Nasema hivi kwa sababu
siku hizi Kangagani hunitazama kama mwizi.

Kisha bahari ikaja bondeni.
Haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama mgeni
anayevua viatu mlangoni,
ikapita pale palipokuwa na mizizi,
ikauliza, hamna watu?
ikaingia.
Asubuhi mpunga ulisimama vilevile, kijani.
Siku ya nne ukawa rangi ya mkeka mkongwe.
Chai ya Mafunda ikawa na chumvi
kabla hajagusa kopo la sukari.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi ufa sikuuacha; niliuchonga.
Na ukuta ulijengwa kweli, wa mawe, kwa sherehe na soda,
bahari ikauzunguka upande wa kusini
kama mbuzi anavyozunguka ua wa makuti.

Ndipo wanawake waliposhuka topeni na vikapu,
mbele yao Salhina, mjukuu wangu, kanga kaifunga kibwebwe,
mbegu za mkoko mkononi, ndefu kama kalamu.
Nilicheka. Wakapanda elfu mbili.
Mwezi wa tatu zikabaki arubaini,
nyingine zimelala kifudifudi, zimevaa magamba.
Sikucheka tena.

Akaja magharibi, tope hadi magotini,
akaketi kizingitini.
"Babu, pale palikuwa na nini?"
Hakuniuliza kwa nini.

Nilikosa la kusema, nikachukua fimbo.
Maji yalipotoka tukatembea:
hapa mbele kabisa mlilana, huo haujali kupigwa;
nyuma yake mkoko, miguu mingi kama kaa;
mkandaa huku, penye tope gumu;
na hapa pana mchanga, usipoteze mbegu zako,
hapa palikuwa pa mchu.
Kila kisiki nilikijua. Shoka halisahau.
Nilimwonyesha kaburi baada ya kaburi
naye akiandika daftarini
kwa mkono uliotapakaa tope.

Huu mwaka wa sita.
Michu imenifika kifuani.
Kamba wamerudi, wadogo, wa kuonjea chumvi tu.
Bonde la juu tumevuna magunia matatu;
la chini bado jeupe, sitakudanganya.
Kisima cha msikitini kinanyweka. Chetu, bado.

Jana bamvua lilijaa hadi mbalamwezi ikaingia chumbani
ikitetemeka darini.
Nilitoka na kikoi, bila taa,
nikasimama nisikilize maji yakifika kwenye miti.
Haukuwa mlio. Ilikuwa kusitasita,
kama mgeni aliyekuta watu nyumbani:
akapiga hodi,
akangoja.

Boriti ishirini na nne.
Ya kumi na saba imeanza kuliwa na mchwa,
unga wake hudondoka kwenye mto wa Mafunda.
Anasema tuibadilishe kabla ya masika.
Tutaweka mvinje, nimemwambia.
Hautadumu kama mkandaa, najua.
Mkandaa uko kazini.