Juni Thelathini na Moja

Pampu tatu zimeshuka asubuhi kutoka behewani,
zinavuka kwenda Kalemie,
kila moja ndani ya sanduku lake la mbao,
na juu ya sanduku, kwenye mfuko wa nailoni, cheti.
Karatasi nzito. Nembo ya buluu. Muhuri umekaa
kama kifungo cha shati la Jumapili.
Imekaguliwa, imepimwa, imepita,
tarehe 31 Juni.

Nikahesabu kwa vifundo vya ngumi,
kama tulivyofundishwa shuleni Mwanga:
kifundo, bonde, kifundo, bonde.
Juni ikaangukia bondeni.

"Mama Mkaguzi," akasema Rusimbi, wakala wa mzigo,
"kwani tarehe ndiyo inayovuta maji?"
Meli inang'oa nanga saa kumi.
Akanibandika simu sikioni, sauti ya ng'ambo ikaniambia:
"Mama, kolera iko huku. Tunangoja."

Rusimbi hajui kwamba nimewahi kukiona
cheti kisicho na doa.
Cha mnyororo wa winchi, mwaka juzi.
Tarehe yake ilikuwepo duniani. Saini ilisomeka.
Namba nikaipigia simu Dar es Salaam, wakaikuta kitabuni.
Nikagonga muhuri, nikaenda kunywa chai.
Mnyororo ukakatika, magunia ishirini ya saruji yakiwa hewani,
na Ntahondi, kuli aliyekuwa akielekeza kwa mkono wa kulia,
leo anauza vocha Kibirizi,
hukwangua kwa kushoto.

Basi nikasema: fungueni.
Misumari ikalia. Tukazitoa kwenye nyasi zake
kama mayai.
Bomba tukalitumbukiza ziwani pale pale gatini.
Ya kwanza ikakohoa, ikameza,
ikatapika maji mpaka kwenye viatu vya Rusimbi.
Ya pili ikakataa, tukaibembeleza, ikakubali.
Ya tatu, ah, ya tatu ilinguruma
hata wachuuzi wa migebuka wakageuka.

Nzima. Zote tatu.
Mgonjwa ni karatasi.

Nilikuwa bado naandika cheti kipya,
chenye tarehe ya leo na wino wangu mwenyewe,
honi ilipolia.
Rusimbi hakunitukana. Alikaa juu ya sanduku tupu
akavua viatu, akamwaga maji.
Kuna meli nyingine Jumanne.
Kolera haina ratiba,
nalijua hilo, nimelala nalo.

Cheti cha uongo nimekiambatanisha na ripoti,
kama sheria inavyotaka.
Ila siku ile imenifuata nyumbani, kilima chote.
Pengine iko mahali, Juni yenye siku moja zaidi,
na siku hiyo kuna mkaguzi asiye na kiu ya chai.
Amepiga magoti juu ya saruji ya gati,
anapitisha kidole pete kwa pete kwenye mnyororo,
anafika penye ufa,
anasema: huu, hapana.
Na Ntahondi, kutoka chini ya winchi,
anampungia mkono.
Ule wa kulia.