Mstari wa 214

Bati la ofisi ya ushuru, Kibaigwa,
linalia kama sufuria, jua la saa sita likilishika,
nami nimekaa chini yake na shahada yangu ya Japani
na mashine ya risiti iliyoishiwa karatasi.

Miaka miwili nilikaa ghorofa ya tano,
tisa mezani, wadai kodi wa nchi tisa:
Zilola wa forodha ya Tashkenti;
Batbayar, aliyemfuata mfugaji siku tatu kwa farasi
kwa ajili ya kodi ya kondoo,
akakuta majivu ya moto na mwenyewe kahama;
Phonesavanh wa Laosi, aliyeiogopa theluji
kama mtu anayedaiwa nayo.
Tulichora mikunjo ubaoni: huu mzigo, huyu ataubeba.
Usiku tukila tambi za kikombe
tukabishana nani hasa hulipa kodi ya chumvi.

Kibaigwa niliibeba ndani ya jedwali,
wachuuzi mia tatu na sita, msimu kwa msimu,
mahindi, alizeti, ufuta.
Mstari wa 214 ulikuwa mtupu
Machi hadi Juni.
Profesa Kuwabara akavua miwani, akaifuta kwa tai:
"Ama uikadirie, ama uifute."
Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni stesheni.

Nikaikadiria.
Nikampa 214 wastani wa majirani zake,
magunia arobaini na moja nukta sita kwa mwezi.
Jedwali likatulia. Pembeni ya namba zikawaka nyota tatu,
zile ndogo, za kuonyesha kwamba jambo limethibiti.
Wakanipigia makofi. Batbayar akapiga na meza.

Leo 214 amekuja.
Nambari ya kizimba ameiandika kwa chokaa kwenye ndoo.
Bi Mbeleje, magunia mawili ya alizeti,
lumbesa, yameshonewa vilemba vya kamba
hadi yanaonekana yana shingo.
"Mbukwenyi."
"Mbukwa."
Nikamuuliza miezi ile minne ya mwaka ule.
Akanitazama
kama niliyeuliza bei ya kitu kisichouzwa.

"Mwaka wa njaa? Nilikula mtaji, mwanangu.
Debe la kwanza tulisaga. La pili tulisaga.
La tatu nikampelekea dada yangu Mlali,
mumewe alikuwa ameanguka na paa.
Hapa sokoni nilikuja kufagia tu,
naokota punje zilizomwagika chini ya mizani.
Kwani nazo zina ushuru wake?"

Hakuwa ananikejeli.
Mkono ulikwishafika kwenye fundo la kanga.

Arobaini na moja nukta sita,
niliyompakia mgongoni kutoka ng'ambo ya bahari,
wiki zile zile alizokuwa ameinama
akinyang'anyana punje na njiwa.

Karatasi ya mashine ikaletwa.
Sheria inasema gunia ni kilo mia.
Haya yamesimama kwenye mia na ishirini na tano.
Nikaandika mawili. Nikafuta.
Nikaandika mawili na nusu, kwa kuwa ndivyo yalivyo,
na kwa kuwa nimekwisha kumwandikia uongo mara moja.
Akalipa. Akahesabu chenji mara mbili,
akaikunja risiti ndogo kama dawa ya unga,
akaondoka bila kusema kwaheri, mchukuzi nyuma yake.

Jioni nimeitoa tasnifu kabatini,
jalada la buluu, vumbi la Dodoma limeshajaa mishononi.
Ukurasa wa sitini na tatu.
Nimekata arobaini na moja kwa kalamu, mara nne,
Machi, Aprili, Mei, Juni,
na pembeni, kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi:
*alikuwepo.*

Nyota sasa huenda ni mbili. Huenda ni moja.
Profesa, sijapiga hesabu upya.
Umeme umekatika, na sijui
njaa ya mtu huingizwa safu gani.